Kifua kinabana nikipanda mlima, nikimwambia kocha nitapoteza nafasi

Shikamoo daktari,

Mimi ni kijana wa miaka 19, natokea Mbulu, ila kwa sasa naishi Arusha kwenye kambi ya riadha. Nakimbia mita 10,000 na nusu marathoni. Kuna jambo nimelificha tangu kabla ya mvua za vuli na sasa limenizidi.

Siku za Jumanne tunafanya mazoezi ya mlima kule juu Ilboru, kwenye barabara ya vumbi. Tunapanda kwa kasi, tunashuka taratibu, tunapanda tena. Siku moja nikiwa napanda nikasikia kifua kinabana, hapa katikati, nyuma ya mfupa. Nikishuka kinaachia, nikipanda kinarudi. Nilidhani ni makande ya usiku. Lakini Jumanne iliyofuata kikabana tena, palepale, na tangu hapo hakikosi.

Baadaye likaja la pili. Nikiwa nimekaa tu kitandani, moyo unapiga pigo moja zito, unatulia kidogo, kisha unaendelea. Hilo halinisumbui sana. Linalonitisha ni hili: nikiwa kwenye kasi, ghafla moyo unaanza kwenda mbio zake wenyewe, haraka kuliko miguu, unatetemeka kifuani, na nikisimama unaacha ghafla vilevile. Wiki mbili zilizopita ulifanya hivyo nikiwa katikati ya mlima, macho yakaingia giza, nikajikuta nimepiga magoti barabarani na viganja vimechubuka kwenye kokoto. Wenzangu walikuwa wametangulia. Waliporudi nikawaambia nimejikwaa.

Nilikwenda zahanati. Walinipima mapigo wakakuta 44, yule mhudumu akasema yako chini mno, damu yangu haina nguvu, akanipa vidonge vya kuongeza damu bila kunitoa damu ya kupima. Nikaenda kliniki nyingine ya kulipia, wakanipima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ilitoka imeandikwa kwamba si ya kawaida. Daktari alipojua mimi ni mkimbiaji akatabasamu, akasema huo ni moyo wa mwanamichezo, endelea na mazoezi. Nilitoka pale nimefurahi sana. Ila sikumwambia habari ya giza, na yeye hakuniuliza.

Kocha wangu ni mkali lakini ni mtu mwema. Viatu ninavyokimbilia alininunulia yeye. Mchujo wa kwenda mbio za Moshi uko karibu, na tangu Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo mwaka 2025, kambini kila mtu anaamka kabla ya jogoo. Nikipata taimu nzuri naweza kufikiriwa jeshini. Nikisema naumwa kifua, kuna vijana wengine wanaisubiri nafasi yangu. Rafiki yangu hunipa diklofenaki na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu kabla ya mazoezi ya spidi, anasema maumivu yatazoea.

Jambo la mwisho, sijui kama lina uhusiano. Baba yangu mdogo alifariki uwanjani akicheza mpira, alikuwa na miaka 26 au 27. Alianguka tu, hakugongwa na mtu. Nyumbani wanasema alirogwa na hatuzungumzii habari hiyo.

Naomba uniambie ukweli. Je, huu ni moyo wa mwanamichezo kama nilivyoambiwa? Na naweza kukimbia Moshi kwanza, halafu ndiyo nikapime?

Mkimbiaji, Arusha

* * *

Marahaba, mdogo wangu.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Hapana. Usikimbie Moshi. Usikimbie mchujo, usipande Ilboru Jumanne hii, na hata zile mbio nyepesi za asubuhi ziache. Tembea, nyoosha viungo, kula na ulale, basi. Kukimbia kusubiri mpaka daktari wa moyo akuone na upimwe eko, ile ultrasound ya moyo. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta namna ya kulisema hili kwa upole zaidi, nikaona upole wowote utakupa mwanya wa kwenda mchujo.

Umenieleza mambo mengi kwa pamoja, na mengine hayana ubaya wowote. Shida ni kwamba yale yasiyo na ubaya yameyafunika yale mabaya. Ngoja tuyatenganishe.

Mapigo 44 ukiwa umepumzika ni mazao ya jasho lako. Kwa mtu wa kawaida moyo hupiga kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mkimbiaji wa mbio ndefu akishafanya mazoezi kwa miaka, moyo wake hupanuka, hubeba damu nyingi kwa kila pigo, kwa hiyo hauna haja ya kupiga mara nyingi. Wapo wenye 40, na usingizini hushuka chini ya hapo. Mapigo ya namna hiyo hayana uhusiano na damu kukosa nguvu. Upungufu wa damu kwa kawaida huyapandisha mapigo, na haujulikani kwa kushika mkono. Hujulikana kwa kupima damu. Vile vidonge viweke pembeni mpaka upimwe wingi wa damu.

Lile pigo moja zito ukiwa umekaa, linalofuatiwa na kimya kifupi, nalo ni la kawaida kwa watu wengi, wakimbiaji na wasio wakimbiaji. Ni pigo lililowahi kabla ya zamu yake. Moyo unangoja kidogo, kisha pigo linalofuata linakuja na damu nyingi ndiyo maana unalisikia. Mara nyingi huzidi mtu akikosa usingizi, akinywa kahawa nyingi, au akiwa na wasiwasi, nawe una wasiwasi wa kutosha. Lieleze hospitalini, lakini lisikunyime usingizi.

Sasa tuje kwenye yale matatu.

La kwanza ni maumivu yanayokuja ukipanda na kuondoka ukishuka. Vijana wengi wanaoumwa kifua hawaumwi moyo. Huwa ni misuli ya mbavu, pale mbavu zinapoungana na mfupa wa kati, au tindikali inayopanda kutoka tumboni, au pumu inayochokozwa na vumbi na baridi ya alfajiri. Maumivu ya mbavu ukiyabonyeza kwa kidole yanauma, ukijipinda yanauma, ukikohoa yanauma, na hayajali kama uko mlimani au kitandani. Ya kwako yanafuata kazi ya moyo: kazi ikipanda yanakuja, kazi ikishuka yanaondoka, tena mahali palepale, kila Jumanne. Maumivu yenye utaratibu huo yanaulizwa moyo kwanza, hata kwa mtu wa miaka 19.

La pili ni macho kuingia giza. Hapa nataka unielewe vizuri, kwa sababu nimeona makocha na wachezaji wakilichanganya. Umeshaona watu wanaomaliza mbio, wanavuka utepe, wanasimama, halafu wanaanguka. Mara nyingi hao hawana ugonjwa. Wakati wa kukimbia, misuli ya miguu inasaidia kuisukuma damu irudi juu. Ukisimama ghafla msaada huo unakatika, damu inabaki miguuni, kichwa kinapungukiwa. Mlaze chini, mnyanyulie miguu, baada ya muda anakaa na kuomba maji. Wewe giza lilikukuta katikati ya mlima, miguu ikiwa bado inafanya kazi, mara tu baada ya moyo kuanza mbio zake wenyewe. Maana yake ni kwamba kwa sekunde kadhaa moyo wako haukupeleka damu ya kutosha kichwani, wakati ule ule ulipotakiwa kupeleka nyingi kuliko saa zote. Kati ya dalili zote anazoweza kuniletea mwanariadha, hii ndiyo inayonifanya niweke kila kitu chini. Na wewe uliwaambia wenzako umejikwaa.

La tatu ni baba yako mdogo. Linahusiana, na huenda ndilo zito kuliko yote uliyoandika, ingawa umeliweka mwisho.

Yapo magonjwa ya moyo yanayotembea ndani ya ukoo, na mengi hukaa kimya hadi siku mtu anapoukamua mwili wake. Linalojulikana zaidi ni la misuli ya moyo kunenepa kupita kiasi. Linakadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 500, na mzazi mwenye nalo huwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulirithisha kwa kila mtoto. Misuli inayonenepa hivyo huweza kuziba njia ya damu kutoka, na ndani yake huweza kuanza mapigo ya vurugu. Ndilo lililopatikana katika mwili wa Marc-Vivien Foé, kiungo wa Cameroon, aliyeanguka katikati ya uwanja Lyon tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28, bila kuguswa na mtu. Linganisha na habari ya baba yako mdogo. Sisemi alikuwa na ugonjwa huohuo, hakuna aliyempima. Nasema kijana mwenye nguvu aliyeanguka akicheza, ambaye damu yake ni damu ya baba yako, ni taarifa ambayo daktari yeyote wa moyo ataiandika mstari wa kwanza.

Usibishane na baba kuhusu kurogwa. Wazee wamelibeba jambo hilo kwa miaka na lina uchungu wake. Wewe muulize mambo matatu tu: je, marehemu aliwahi kuzimia kabla ya siku ile? Alikuwa akilalamika kifua au pumzi? Kuna mwingine kwenye ukoo aliyefariki ghafla akiwa kijana, au aliyezama majini ilhali alijua kuogelea, au aliyekuwa na kifafa kisichoeleweka? Andika majibu kwenye karatasi uende nayo. Ikigundulika wewe una tatizo la kurithi, baba yako na wadogo zako nao watapaswa kupimwa, kwa hiyo swali hili unaliuliza kwa ajili yao pia.

Nirudi kwenye ile karatasi ya ECG, maana ndiyo iliyokupa ruhusa. Mashine ile huandika "si ya kawaida" kwa kukulinganisha na mtu wa kawaida asiyekimbia. Kwa wanariadha, na hasa wanariadha weusi, mstari wa ECG una maumbo yake: sehemu fulani huinuka, na mawimbi fulani ya upande wa mbele wa kifua hugeuka chini, bila ugonjwa wowote. Mwaka 2017 wataalamu wa kimataifa walichapisha vigezo vya kusoma ECG za wanariadha ili watu wasizuiwe michezo bure. Kwa hiyo daktari wako hakutunga. Moyo wa mwanamichezo upo. Lakini vigezo hivyo vimeandikwa kwa mwanariadha asiye na dalili yoyote na asiye na kifo cha ghafla kwenye familia. Wewe una dalili, na una kifo. Mtu hawezi kukupa jibu hilo bila kukuuliza kwanza kama umewahi kuona giza ukikimbia, na ECG iliyochukuliwa ukiwa umelala kwa utulivu haiwezi kuonyesha vurugu linalokuja mlimani tu. Naliandika hili kwa uzito kwa sababu wasomaji wengine wenye watoto kambini watasoma: ruhusa ya kukimbia iliyotolewa bila maswali si ruhusa.

Mfano wa karibu zaidi na wako ni wa Ryan Shay, mkimbiaji wa Marekani, bingwa wa nchi yake wa marathoni mwaka 2003. Tangu akiwa kijana mdogo alijulikana kuwa na moyo mkubwa. Tarehe 3 Novemba 2007, kwenye mchujo wa marathoni ya Olimpiki mjini New York, alianguka kabla ya kufika kilomita 10 na akafariki, naye alikuwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha mapigo yalivurugika katika moyo uliokuwa umenenepa na wenye makovu. Sikuandikii hivi nikutie hofu ya kufa. Nakuandikia kwa sababu hata kwa madaktari waliobobea, mpaka kati ya moyo uliojengwa na mazoezi na moyo unaougua huwa mwembamba, na hauwezi kupambanuliwa kwa tabasamu.

Uende wapi na uombe nini? Anza hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, uonwe na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, au upewe rufaa kwenda hospitali ya KCMC pale Moshi. Ikihitajika zaidi utapelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, Dar es Salaam. Ukifika dirishani usiseme "naumwa kifua" peke yake, utapangwa foleni na wenye mafua. Sema: "Nimeona giza na kupiga magoti nikiwa nakimbia, kifua kinabana nikipanda mlima, na baba mdogo alifariki ghafla akicheza mpira." Sentensi hiyo itakufungulia mlango unaotakiwa. Beba ile karatasi ya ECG, usiitupe.

Daktari mzuri ataanza na maneno, kisha presha, kisha kusikiliza. Usishangae akikuambia uchuchumae halafu usimame huku kifaa kiko kifuani. Kuna sauti ya moyo inayozidi mtu akisimama na kupungua akichuchumaa, na ni alama ya ile misuli iliyonenepa. Kwenye eko utalazwa ubavu wa kushoto, utapakwa ute wa baridi, na utaona moyo wako ukicheza kwenye kioo. Hapo ukuta unapimwa kwa milimita. Watu wengi hawavuki 11 au 12. Mwanariadha mweusi anaweza kufika 13, mara chache hata 15, akiwa mzima. Ukikutwa eneo hilo la katikati, daktari ataangalia pia nafasi ya ndani: kwa mkimbiaji huwa imepanuka, kwa mgonjwa mara nyingi imebanwa. Na anaweza kukupumzisha kwa miezi kama mitatu halafu apime tena, maana unene wa mazoezi hupungua mazoezi yakiacha na wa ugonjwa hubaki. Kwa hiyo ukiambiwa upumzike, usidhani umetupwa. Mapumziko yenyewe ni kipimo.

Eko itaangalia valvu pia, ile milango ya moyo inayopitisha damu. Hapa kwetu nisiposema hili nitakuwa nimekosea. Watoto wengi waliougua mafindofindo yasiyotibiwa vizuri, wakapata homa na viungo kuvimba vikihamahama, hubaki na valvu zilizoharibika bila kujua. Muulize mama kama uliwahi kuugua hivyo ukiwa mdogo. Ikiwa ndiyo, kuna sindano za penisilini za kila baada ya wiki tatu au nne zinazozuia madhara yasiongezeke.

Kwa zile mbio za ghafla za moyo, utafungwa kifaa kidogo kinachorekodi mapigo saa 24 au zaidi, na huenda ukakimbizwa kwenye mashine, waya zikiwa kifuani na daktari akiwa pembeni. Hapo ndipo mahali pekee ninapokuruhusu kukimbia. Mapigo yanayoanza ghafla na kuacha ghafla wakati mwingine hutokana na mtu kuzaliwa na njia ya panya ndani ya moyo, ambayo umeme unaipitia na kuzunguka badala ya kufuata barabara yake. Hilo likiwa ndilo, kuna matibabu ya kuiunguza njia hiyo kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na wengi hupona kabisa na kurudi mashindanoni. Lipo pia la mishipa inayolisha moyo kuchomoza mahali pasipo pake tangu kuzaliwa, ambalo huleta hasa maumivu ya mlimani kama yako; hurekebishwa kwa upasuaji. Na lipo la virusi kuingia kwenye misuli ya moyo baada ya homa au mafua, ambalo tiba yake kubwa ni kutokimbia kwa miezi mitatu hadi sita. Kama ulikimbia ukiwa na homa kabla ya haya kuanza, mwambie daktari.

Nikufiche? Hapana. Inawezekana jibu likawa ugonjwa unaofunga mlango wa mashindano. Wapo walioambiwa hivyo, wakalia, wakawa makocha, walimu, wazazi. Inawezekana pia jibu likawa jambo dogo ukarudi Ilboru kabla ya msimu kwisha. Mimi sijui ni lipi, wewe hujui, na mlima hauwezi kukuambia kwa usalama.

Ikikutokea tena hata ukiwa unatembea, keti au lala chini palepale. Shika mapigo shingoni au mkononi, hesabu kwa sekunde 15 na uzidishe mara nne. Angalia kama yanakwenda kwa mpangilio au ovyo, uandike. Maumivu yasipoachia ndani ya dakika chache za kupumzika, au ukizimia, nenda hospitali saa hiyohiyo na usiende peke yako kwenye bodaboda.

Diklofenaki na makopo mrudishie rafiki yako. Dawa ya maumivu inaziba mdomo wa shahidi wako pekee, na ukiinywa ukiwa umekaukiwa na maji mlimani inaumiza figo. Kinywaji kile kimejaa kafeini, na moyo wenye tabia ya kukimbia ovyo hauhitaji kuchochewa. Mwambie hata yeye aache.

Sasa kocha. Ninaelewa hofu yako; viatu viko miguuni na shukrani ziko shingoni. Lakini mtu aliyekununulia viatu ana haki ya kujua, maana siku ukianguka mlimani ni yeye atakayempigia mama yako simu. Mfuate akiwa peke yake, si mbele ya wenzako, umwambie: "Kocha, shikamoo. Ile siku sikujikwaa. Kifua kinabana nikipanda na niliona giza. Daktari amenikataza kukimbia mpaka nipimwe moyo, naomba unisindikize hospitali." Nitwishe mimi lawama. Kumwomba akusindikize kunamfanya awe upande wako tangu mwanzo, na ukikosa nauli ya Moshi atajua pa kuanzia. Simbu ana zaidi ya miaka 30 na ndipo alipochukua dhahabu ya dunia. Mchujo mmoja hauwezi kuamua maisha ya mkimbiaji wa miaka 19.

Kocha, kama kijana amekuonyesha ukurasa huu, nina ombi kwako. Nchini Italia, sheria ya mwaka 1982 iliwataka wanamichezo wote wa mashindano wapimwe ECG, na katika mkoa wa Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilipungua kwa takriban asilimia 90 kufikia mwaka 2004. Kambi zetu hazina fedha za Italia, lakini maswali hayana gharama. Mpokee kijana yeyote kwa kumuuliza: umewahi kuzimia au kuona giza ukikimbia? Kifua hubana? Kuna aliyefariki ghafla kwenu kabla ya miaka 50? Akijibu ndiyo kwa moja tu, apimwe kwanza.

Na jifunzeni, nyote kambini, kumsaidia aliyeanguka. Mtu akianguka, haitiki, na hapumui kawaida, asimwagiwe maji wala asinyanyuliwe. Mmoja apige simu na kutafuta gari. Mwingine aweke viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, mikono imenyooka, abonyeze kwa nguvu kifua kizame sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, wakipokezana wakichoka. Kama kuna mashine ya kushtua moyo karibu, iletwe mara moja. Kila dakika inayopita bila kuitumia inapunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akiichezea Bolton, alianguka London tarehe 17 Machi 2012 na moyo wake ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Yuko hai kwa sababu watu walianza kumbonyeza kifua palepale uwanjani, akiwemo daktari wa moyo aliyeruka kutoka jukwaa la mashabiki.

Mdogo wangu, mwambie na mama. Mama anayetumiwa hela za zawadi angependa zaidi kujua kwamba unaenda hospitali, na yeye ndiye anayekumbuka homa zako za utotoni. Ongea na kocha kesho, hospitali iwe wiki hii. Majibu ya eko yakitoka niandikie, pamoja na kile kipimo cha ukuta kwa milimita na maneno ya daktari kama alivyoyaandika, tuyasome pamoja.